Nani Mwenye Idhini ya Kupiga Kengele?

Tarehe 14 Aprili 2024, huko Itezi katika jiji la Mbeya, kipande cha mlima Kawetere kiliachana na mlima wenyewe, kikateremka na matope yake, kikafukia nyumba zipatazo ishirini pamoja na majengo ya shule moja ya msingi. Haikuripotiwa nafsi hata moja kupotea, nasi tukamhimidi Mwenyezi Mungu kama ilivyotuwajibikia. Walakini katika kuhimidi kwetu ni wachache walioitazama kalenda. Siku ile ilikuwa Jumapili. Miezi minne kabla yake, tarehe 3 Desemba 2023, ubavu wa mlima Hanang ulimeguka ukaushukia mji wa Katesh na vijiji vya jirani kwa tope, mawe na magogo, wakafariki watu 89. Siku hiyo nayo ilikuwa Jumapili, madawati yalikuwa matupu, na baadhi ya shule za pale zikapata wasaa wa kugeuzwa kambi za walionusurika, badala ya kuwa zenyewe ndizo za kufukuliwa.

Wako ambao hawakujaliwa Jumapili. Wanafunzi wa shule ya Pantglas, katika kijiji cha Aberfan huko Wales, walikuwa wamekwisha ingia madarasani saa tatu na robo asubuhi ya Ijumaa, tarehe 21 Oktoba 1966, liliposhuka juu yao lundo la takataka za mgodi wa makaa ya mawe. Na wale wa Guinsaugon, katika kisiwa cha Leyte nchini Ufilipino, walikuwa masomoni asubuhi ya Ijumaa, tarehe 17 Februari 2006, mlima mzima ulipokifunika kijiji chao na shule yao pamoja. Katika siku saba za juma, tano ni za shule, na mlima haujui mapumziko. Basi mwenye kuitegemea Jumapili impe salama amejitia katika bahati nasibu ambayo mwisho wake ni kushindwa.

Almuradi wa makala haya ni jambo moja, nalo ni kwamba usalama wa mtoto asomaye chini ya mlima huamuliwa siku za jua, wala si siku za mvua: huamuliwa kwanza na wale waliochagua kiwanja, na kisha na wale waliopanga, au walioghafilika kupanga, ni nani atakayewatoa watoto darasani bila kungoja ruhusa ya mtu aliye mbali.

Tambarare za mlimani

Mtu wa pwani afikapo katika shule ya Usambara, Upare au Uluguru kwa mara ya kwanza, hustaajabia uwanja wake wa mpira, jinsi ulivyo sawasawa katikati ya miteremko ambayo hata mbuzi huikanyaga kwa hadhari. Na wenyeji, kwa fahari iliyo haki yao, humwonyesha kama tunu. Swali ambalo aghalabu halimjii mgeni wala mwenyeji ni hili: uwanja huu ulisawazishwa na nani? Mlimani hapana tambarare isiyo na sababu. Ama ni mto ulioacha mchanga wake kwa karne nyingi, au ni mdomo wa korongo ambapo mafuriko ya zamani yalitua mzigo wake wa mawe, au ni poromoko la kale lililoteremka likafika hapo likapumzika na kuota majani, au ni jembe na sururu za wanakijiji waliokata kilima upande wa juu na kujaza udongo upande wa chini. Katika sababu hizo nne, tatu ni kazi ya maji na maporomoko, na ya nne ni jeraha lililotiwa katika mlima kwa mikono ya watu. Kwa hiyo ardhi ile ile iliyopendeza kwa kuwa ni sawa ndiyo ambayo usawa wake ni ushahidi.

Waliochagua viwanja hivyo si wa kulaumiwa kwa wepesi. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto wa Tanzania wa umri wa kusoma awe shuleni ifikapo mwaka 1977, na vijiji viliitikia kwa nguvu zao wenyewe, vikafyatua matofali, vikabeba mawe kichwani, vikaezeka. Ardhi nzuri ya migomba na kahawa ilikuwa na wenyewe waliorithi kwa baba zao. Shule ikapata iliyobaki. Haraka ile ilikuwa ya heri, na taifa zima lilivuna matunda yake. Lakini jengo lililosimama kwa heri halikuacha kusimama mahali lilipo, na sasa ni wadhifa wetu kulitazama upya kwa macho ya wakati huu.

Kulitazama hakuhitaji elimu ya ajabu. Udongo wa mteremko hushikana kwa msuguano wa chembe zake. Maji yaingiapo katika nafasi zilizo baina ya chembe hizo huzisukuma zisikamatane, na hapo uzito wa mlima unazidi ilhali mshikamano wake unapungua, hata ukafika mpaka ambao kikombe kimoja zaidi cha maji hutosha kuupita. Mizizi ya miti hulishona tabaka la juu na kulichelewesha lisifike mpaka huo. Tarehe 23 Februari 1970, mvua ya milimita mia moja na kidogo, iliyonyesha kwa muda usiotimia saa tatu huko Mgeta, magharibi ya Uluguru, ilizaa maporomoko madogo madogo zaidi ya elfu moja. Na wataalamu Anders Rapp na Paul Temple, walioyachunguza na kuandika habari zake, walikuta kwamba yaliyoanzia ndani ya msitu hayakutimia hata moja katika mia, na mengine takriban yote yalianzia mashambani na katika nyika za majani. Hata hivyo msitu si dawa ya kila poromoko. Huko Hanang, serikali ilieleza baada ya uchunguzi, sehemu ya mlima yenye miamba laini ilinyonya maji ikalemewa ikameguka; na mwamba ukikatika kwenye kina ambacho hapana mzizi unaofika, msitu nao hushuka pamoja nao, na magogo yake huwa silaha mpya katika tope.

Basi mwalimu na kamati ya shule wazunguke nyuma ya madarasa kabla ya masika, watazame mambo ambayo macho matupu huyaona. Je, ukuta wa udongo uliokatwa wakati wa ujenzi umesimama wima kama mlango, karibu na dirisha? Je, kuna mtaro wa kinga juu yake, wa kuyapeleka pembeni maji yatokayo mashambani, au ulikuwapo na sasa umejaa majani? Paa la bati lenye ukubwa wa mita za mraba 200 likinyeshewa mvua ya milimita 50 hukusanya lita 10,000 za maji. Kama hapana mfereji wala tangi, maji hayo yote humwagwa mguuni pa msingi, au ukingoni mwa kijazo cha udongo kilichoshikilia uwanja. Shule nyingi za mlimani hulia kukosa maji ya kunywa kiangazi, na masika hujimiminia zenyewe maji ya kuzibomoa. Tangi moja hutibu maradhi yote mawili.

Indhari iliyofika ofisini

Husemwa baada ya kila msiba kwamba mlima haukutoa onyo. Jambo hili kwa nadra huwa kweli. Kabla ya ardhi kuteleza, mara nyingi nyufa hutokea juu ya mteremko kwa umbo la mwezi mchanga, miti na nguzo huinama, chemchemi hububujika mahali palipokuwa pakavu, milango ya nyumba hukwama kwa kuwa fremu zimepindana, na mto uliokuwa ukishuka kwa kelele hupungua ghafula, dalili kwamba huko juu umezibwa na udongo na ya kwamba ukifunguka utashuka na kila kilichouziba. Mchungaji huyaona hayo, mkata kuni huyaona, na mtoto anayepita njia ile kila asubuhi huyaona kabla yao wote. Kinachopungua ni mahali pa kuyapeleka, na mtu wa kuyapokea mwenye uwezo wa kutenda.

Kisa cha Aberfan kinastahili kusomwa katika kila chuo cha ualimu kwa ajili ya nukta hii. Lundo lile, la saba la mgodi huo, lilianza kumwagwa mwaka 1958 juu ya chemchemi zilizojulikana, juu kabisa ya kijiji. Mwaka 1963 mhandisi wa halmashauri aliandika barua kwa wenye mgodi, akitaja kwa maneno ya wazi hatari ya takataka zile kwa shule iliyokuwa chini yake. Baadaye akina mama walitia saini malalamiko juu ya maji machafu yaliyokuwa yakifurika shuleni, na mwalimu mkuu akayafikisha kunakohusika. Barua zilipokelewa, zikajibiwa, zikawekwa katika majalada. Asubuhi ya msiba wafanyakazi waliopanda juu walikuta kilele kimezama, wala hawakuwa na simu ya kupigia watu wa chini. Na baraza la uchunguzi, lililokaa siku 76 na kusikiliza mashahidi 136, likakata shauri kwamba hata simu ingalikuwapo isingalifaa kitu. Walikufa watoto 116 na watu wazima 28. Saa ya kuwaokoa ilikuwa imepita tangu mwaka 1963, pale aliyeona hatari alipokuwa na kalamu tu, na mwenye mamlaka alipokuwa na sababu za kungoja.

Hapa kwetu tumepiga hatua ambazo si haki kuzidharau. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa taarifa zake kwa daraja zinazoeleweka: angalizo, kisha tahadhari, kisha tahadhari kubwa. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa tangu taifa hata kijiji na mtaa. Walakini utabiri hutaja mikoa, ilhali poromoko huchagua kilima kimoja katika mkoa, na katika kilima hicho huchagua bonde moja. Amri ya taifa hufaa kwa mvua ya taifa: Kenya ilipofurika mwaka 2024, serikali yake iliahirisha ufunguzi wa shule zote wa mwezi Aprili hata katikati ya Mei, na ikawa amri ya busara. Lakini ule ufa uliotokea jana jioni juu ya madarasa ya shule moja hautafika katika redio kwa wakati. Sharti habari yake imfikie mtu aliye pale pale.

Mwalimu wa zamu

Mtu huyo ni nani? Wengi watajibu upesi kwamba ni Mwalimu Mkuu, nao hawakukosea sana. Lakini tumtazame mwalimu huyo jinsi alivyo. Akifunga shule kwa kuogopa mlima, na mlima ukakaa kimya, ataulizwa na Afisa Elimu Kata kwa nini vipindi vimepotea. Ataandika barua ya kujieleza. Wazazi watamcheka kwamba ni mwoga wa mvua. Tena mvua za vuli hazina adabu na ratiba ya mitihani: darasa la nne hupimwa mwishoni mwa Oktoba, na kidato cha nne huketi mwezi Novemba, wakati ule ule ambao miteremko ya kaskazini inaanza kushiba maji. Mtu aliyezungukwa na hofu hizo zote atafanya ambalo wengi wetu tungalifanya, yaani atangoja kidogo, ampigie mkubwa wake simu, na mtandao wa mlimani siku ya mvua haupatikani.

Madhara ya kungoja yalidhihirika Japani tarehe 11 Machi 2011, katika shule ya msingi ya Okawa. Adui siku ile alikuwa bahari, lakini fundisho lake latuhusu. Baada ya tetemeko watoto walikaa uwanjani kwa muda wa dakika hamsini hivi, walimu wakishauriana wawapeleke wapi, ilhali kilima kilikuwa nyuma ya shule. Mwongozo wao ulitaja kwa ujumla mahali pa wazi pa kukimbilia, pasipo kusema ni papi. Kati ya wanafunzi 108 walipotea 74, pamoja na walimu 10. Wazazi walishitaki, na mahakama ya rufaa ya Sendai ikaamua mwaka 2018 kwamba taksiri ilitangulia siku ile: shule na halmashauri yake ya elimu ziliwajibika kuandaa mpango wa kweli kabla ya msiba, nazo hazikuuandaa.

Hukumu hiyo yaeleza kwa ufasaha ninalolitetea. Haitoshi kumwambia mwalimu awe na hadhari. Sharti apewe idhini, tena kwa maandishi, yenye muhuri wa mkurugenzi wa halmashauri, ikisema kwamba dalili kadha wa kadha zikionekana, au mvua ikifika kipimo fulani, atawatoa watoto mara moja, na kwamba hataulizwa kwa kutahadhari kupita kiasi. Kipimo hicho kiwekwe na wataalamu wa jiolojia na wa hali ya hewa baada ya kuutazama mteremko wenyewe, na kisomwe na wanafunzi: kopo lenye kuta zilizonyooka, rula, na ukurasa mmoja wa daftari vyatosha kuandika mvua ya kila siku, na somo la jiografia litakuwa limepata maana. Tena idhini isikomee kwa Mwalimu Mkuu, ambaye siku nyingine huwa amekwenda wilayani kwa kikao, bali imfikie mwalimu wa zamu, yeyote awaye, hata kama ni kijana aliyeajiriwa juzi. Kwa kuwa yeye ndiye aliye karibu na lile gurudumu la chuma lililotundikwa mtini ambalo shule huliita kengele.

Kutoka, na kurudi

Kupiga kengele ni nusu ya kazi. Kosa linalofanywa kwa nia njema ni kuwaambia watoto waende nyumbani, wakati njia ya nyumbani yenyewe yakata makorongo mawili na daraja la miti. Mwezi Machi 2010, poromoko lilipoifunika Nametsi katika wilaya ya Bududa, upande wa Uganda wa mlima Elgon, miongoni mwa waliofukiwa walikuwamo watoto wa shule waliojihifadhi mvua katika kituo cha afya. Walikuwa wamekwisha ondoka darasani, nao hawakuwa salama. Kwa hiyo kila shule iwe na ramani yake, iliyochorwa na wanafunzi wenyewe, yenye kuonyesha kila mtoto hupita wapi, na mahali pamoja pa kukusanyika palipo juu ya mgongo wa kilima, mbali na mdomo wa korongo. Watoto wafundishwe kukimbia pembeni, kuitoka njia ya tope, wala si kuteremka nalo bondeni, kwani hapana mtoto awezaye kushindana nalo. Wakubwa wapewe wadogo wa kuwashika mikono, wasiojiweza miguu wawe na wabebaji waliotajwa kwa majina, na mwalimu abebe daftari la mahudhurio kabla ya kubeba kitu kingine chochote, maana asiyejua idadi ya waliotoka hawezi kujua nani amebaki.

Kisha lije swali la kurudi, ambalo mipango mingi hulisahau. Huko Guinsaugon mvua ilizidi milimita 500 katika muda wa siku kumi, na baadhi ya wanakijiji walikuwa wamehama. Mvua ilipopungua wakarejea, kwa kuwa jua liliwapa amani, na mlima ukaanguka baada ya hapo, wakapotea zaidi ya watu 1,000. Maji yaliyokwisha zama ardhini hufanya kazi yake hata mbingu zikiwa nyeupe. Vilevile poromoko la kwanza huweza kuwa na mwenzake: huko Gofa, kusini mwa Ethiopia, mwezi Julai 2024, majirani waliokimbilia kufukua wenzao walifunikwa na udongo wa pili, na wao ndio waliokuwa wengi miongoni mwa waliokufa. Mzazi asikiapo shule imefukiwa hatazuiwa na mtu. Jambo la kufanya ni kumwonyesha mapema, katika mkutano wa wazazi, ni wapi atakapomkuta mwanawe, ili miguu yake isimpeleke kwenye mteremko ambao bado unatembea.

Mambo haya hayafai kuletwa kwa shoka la amri. Waluguru wanakumbuka serikali ya kikoloni ilivyowalazimisha kukata matuta ya ngazi katika miaka ya hamsini, kwa hoja ya kuuokoa mlima. Kazi ilikuwa nzito, udongo wa chini usio na rutuba ukafunuliwa, na mwaka 1955 watu wakaasi. Hofu ya serikali ile kwamba udongo unakimbia haikuwa ya uongo, lakini waliotakiwa kuikubali hawakuulizwa. Mzee anayejua ni mwaka gani korongo fulani lilibadili njia, na bibi anayejua kwa nini mababu hawakujenga mahali fulani, wana elimu ambayo mhandisi atakuja kuithibitisha kwa mashine zake; waitwe katika zoezi la kwanza la shule, wasiwe watazamaji wa la mwisho.

Itabaki kuwa baadhi ya shule hazina dawa isipokuwa kuhama. Hilo ni jambo la fedha na la miaka, na la mioyo pia: serikali ya Uganda iliwahamishia baadhi ya watu wa Bududa mbali sana huko Kiryandongo, na wako waliorudi Elgon kwa kuwa udongo wake wa volkeno huzaa ndizi na kahawa ambayo tambarare haikuwapa. Shule nayo haiwezi kuhama peke yake na kuwaacha watoto wake nyuma. Kwa hiyo orodha ya shule zilizo hatarini na ianzwe sasa, wilaya kwa wilaya, zipangwe zile za kuhamishwa kwanza na zile za kungoja, na kila jengo jipya lisitiwe msingi mpaka mtaalamu awe ameupanda mlima ulio nyuma yake.

Walakini zile zinazongoja zitaendelea kufunguliwa kila Jumatatu, na kwazo hapana udhuru wa fedha. Idhini ya mwalimu wa zamu ni karatasi moja na muhuri. Kila kamati ya shule iliyo chini ya mlima na iulize katika kikao chake kijacho kama karatasi hiyo ipo, ina jina la nani, na mwenye jina hilo ameisoma. Na wakijibiwa kwamba jambo hilo lingali linashughulikiwa ngazi za juu, wasiridhike na jibu la mdomo, bali wadai tarehe.